Studio ya Vugiri, Miaka 90 na Ushei

Reli ya Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911 ilifuata mashamba; sinema haikuwamo. Hata hivyo, ukiishika njia hiyo kutoka Moshi, ukapita Same na Mombo hadi Korogwe, kisha ukapanda milima ya Usambara, utafika Vugiri. Hapo ndipo ilipofunguliwa, mwaka 1935, studio ya mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, yaani jaribio la kuwaelimisha Wabantu kwa sinema.

Wazo lilikuwa la J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni. Fedha zilitoka Shirika la Carnegie la Marekani. Kazi yenyewe waliishika Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge, na G. C. Latham, aliyekuwa ofisa wa elimu Rhodesia ya Kaskazini.

Utamu wa historia hii uko nyuma ya kamera. Mikanda ilikuwa ya milimita 16, bubu. Sauti ilirekodiwa kwenye santuri, ikapigwa sambamba na picha. Njia hiyo ilikuwa rahisi mfukoni, tena ilifaa kwa lugha: mkanda ule ule ungeweza kusema Kiswahili hapa na Kiganda kule, kwa kubadili santuri tu. Balaa lilikuwa mkanda kukatika. Ukiungwa, vipicha kadhaa vimeshapotea, basi mdomo unakwenda huku na sauti kule. Mikanda ilisafishwa huko huko mlimani, na vijana wa Kiafrika wakafundishwa kazi hiyo ya gizani.

Zilitoka filamu 35. Lori lenye mitambo lilizungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, likionesha sinema kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kuona picha inayotembea.

Hapo nina neno langu. Filamu nyingi zilimfundisha Mwafrika kulima, kujikinga na maradhi, hata kuweka akiba posta, kana kwamba alikuwa amelala akingoja kuamshwa na projekta. Mwaka 1925, miaka kumi kabla ya Vugiri, Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa wameshaunda chama chao cha wakulima wa kahawa, KNPA, na mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na chama cha ushirika, KNCU. Habari za ushirika na soko walizijua bila kuoneshwa kwenye shuka jeupe.

Mwaka 1937 mradi ulifungwa, kwa kuwa serikali za makoloni hazikukubali kuubeba. Mwaka huo huo Notcutt na Latham walitoa kitabu chao, The African and the Cinema. Katika zile filamu 35, zinazojulikana kuwa zimesalia ni tatu: moja ya minyoo ya safura, nyingine ya mafunzo ya utabibu wa mifugo, na ya tatu ya mashamba ya Kingolwira, Morogoro. Zote tatu zimehifadhiwa Uingereza.