Vijiji vya Bohemia: Misemo ya Kijerumani katika Lugha ya Kicheki

Mjerumani asipolielewa jambo hata chembe husema kwamba kwake yeye hilo ni böhmische Dörfer, yaani vijiji vya Bohemia. Msemo huu ulikwisha kuonekana katika maandishi ya Kijerumani mwishoni mwa karne ya 16, na asili yake yaaminiwa kuwa ni majina ya vijiji vya Wacheki, ambayo masikioni mwa mgeni wa Kijerumani hayakuwa na maana yoyote. Mfasiri wa Kicheki akiufikia msemo huo hana budi kusita. Vijiji vya Bohemia ndiko kwao, na hapana kitu akielewacho zaidi ya hicho. Kwa hiyo Kicheki husema španělská vesnice, kijiji cha Kihispania. Hata hivyo Uhispania huo haukuokotwa njiani, kwa maana Kijerumani kina msemo mwingine usemao kwamba jambo la ajabu “laonekana la Kihispania”. Yaelekea Wacheki walitwaa kijiji katika msemo mmoja na Uhispania katika mwingine, wakapata chombo chao wenyewe. Wala wao hawakuwa na huruma zaidi kwa jirani: neno lao la Mjerumani, Němec, lina shina moja na němý, maana yake bubu.

Uhusiano wa lugha hizi mbili haukuwa wa watu walio sawa. Baada ya waasi wa Bohemia kushindwa katika vita vya Mlima Mweupe mwaka 1620, sheria mpya ya mwaka 1627 ilikipa Kijerumani haki sawa na Kicheki katika Bohemia, na tangu hapo Kicheki kilizidi kurudi nyuma katika mambo ya serikali na elimu. Katika miaka ya 1780, chini ya Kaisari Joseph II, ni Kijerumani kilichoshika mahali pa Kilatini katika chuo kikuu cha Praha. Hata Josef Dobrovský, mtaalamu mkubwa wa Kicheki wa zama zile, aliandika historia ya lugha hiyo na fasihi yake, iliyotoka mwaka 1792, kwa Kijerumani.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ya Josef Jungmann, aliyeishi kutoka mwaka 1773 hadi 1847. Alifasiri shairi kuu la Milton juu ya kupotea kwa Peponi, likachapwa mwaka 1811, ili kuonyesha kwamba Kicheki chaweza kubeba mawazo mazito. Kisha, kati ya mwaka 1834 na 1839, alitoa kamusi ya Kicheki na Kijerumani yenye majuzuu 5. Alipokosa neno alichimba katika vitabu vya kale, akakopa kwa ndugu Waslavi. Ndivyo příroda, maana yake maumbile, lilivyotoka Urusi. Lakini njia nyingine ilikuwa kuufuata Ujerumani hatua kwa hatua. Zeitschrift, “andiko la wakati”, likawa časopis, yaani jarida. Sauerstoff, “kitu kichachu”, likafuatwa na kyslík, neno la oksijeni lililoundwa kwa shina la uchachu. Na Wajerumani wenyewe walikuwa wameiiga picha hiyo ya uchachu kwa Wafaransa. Aliyekopa alikopa kwa mkopaji.

Katika misemo, mambo hayakwenda kwa njia moja. Mara nyingine picha ilihama nzima: mtu mwenye hatia iliyofichika, katika Kicheki na katika Kijerumani cha kusini, “ana siagi kichwani”, basi na ajihadhari na jua. Mara nyingine picha ilibadilika njiani. Mjerumani anunuaye kitu bila kukiona amenunua paka katika gunia. Mcheki amenunua sungura, na Mswahili, kama ijulikanavyo, ameuziwa mbuzi. Mjerumani akimbiaye hatari hushika miguu yake mkononi. Mcheki huiweka mabegani. Mfasiri aandikaye “paka” katika Kicheki hakukosea neno, lakini msomaji atanusa ugeni papo hapo.

Namna ya tatu haina harufu, nayo ndiyo iliyoleta ugomvi. Přijít o život, kupoteza maisha, imejengwa sawasawa na ums Leben kommen, ingawa maneno yote ni ya Kicheki safi. Mwaka 1877 jumuiya ya Matice česká ilitoa kitabu kiitwacho Brus, yaani jiwe la kunolea, ili kuusugua Ujerumani utoke katika lugha. Kuanzia mwaka 1917 jarida la Naše řeč liliendeleza kazi ya kulinda usafi wa lugha. Miongoni mwa mitindo iliyokatazwa na watetezi wa usafi ni jedná se o, “jambo lahusu”, kwa kuwa yafanana na es handelt sich um. Badala yake ilisifiwa jde o. Lakini Kijerumani kina es geht um, yenye mjengo ule ule. Ikiwa kufanana ndiko kosa, basi dawa ina ugonjwa ule ule.

Mwaka 1932 wanachama wa Duru ya Isimu ya Praha, iliyoanzishwa mwaka 1926, walitoa kitabu cha kuwajibu watetezi hao. Vilém Mathesius, Bohuslav Havránek na wenzao walishikilia kwamba neno lisihukumiwe kwa nasaba yake, bali kwa kazi lifanyayo katika lugha ya waandishi bora wa siku zile. Hoja hiyo haikuufuta wasiwasi wa wapinzani wao, wala haikuwa ya upuuzi hofu ya taifa lililokaribia kuipoteza lugha yake ya elimu.

Mnamo mwaka 1945 na 1946 Wajerumani wapatao milioni 3 walifukuzwa Chekoslovakia, na ujirani wa karne nyingi ukakatika. Misemo haikufukuzwa. Siagi ingali kichwani, na sungura angali guniani. Lugha yaweza kumkataa jirani na bado ikafikiri kwa picha zake. Mfasiri ndiye apaswaye kujua ni ipi iliyokwisha kuwa mwenyeji, na ni ipi ingali mgeni mlangoni.