Likilimba ya Mama Zetu

Tukizungumuza leo habari ya mikopo midogo midogo ya wamama, wengi wetu wanafikiri ilianza na mashirika yaliyokuja baada ya vita. Hapana. Hapa Lubumbashi, katika masoko ya Kenya na Katuba, mama zetu walikuwa na likilimba tangu zamani. Wamama kumi wanaaminiana. Kila juma kila mmoja anatoa, tuseme, 1.000 FC, na mmoja wao anabeba 10.000 yote. Wa kwanza amepata mkopo bila faida, wa mwisho ameweka akiba. Hakuna karatasi nyingi: kaye moja na neno la mtu, basi.

Juu ya nini walishikilia njia hii? Sheria ya jamaa ya 1987, katika kifungu 448, ilimkataza mwanamke aliyeolewa kujifunga kwa mapatano ya kisheria bila ruhusa ya bwana yake. Mkopo wa banki ukapita kwa bwana. Na noti zenyewe hazikuwa za kuaminiwa: Desemba 1979 serikali ilifuta noti za zaire 5 na 10, watu wakapewa siku chache tu za kubadilisha, mwaka 1993 zaire 3.000.000 za zamani zikawa zaire mpya moja. Lakini feza ya likilimba hailale. Asubuhi inapokelewa, magaribi imekwisha kuwa unga, samaki ao mafuta.

Gécamines ilipoanza kuanguka, zaidi sana baada ya mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, kubomoka mwaka 1990, nyumba nyingi za wafanyakazi zilikula kutoka meza ya mama sokoni. Nani alikuwa kichwa cha nyumba siku hizo? Sheria yenyewe ilimjua mmoja tu!

Tusiisifu kupita kiasi. Wako wanaobeba zamu ya kwanza, kisha wanahama. Tena likilimba inazungusha feza ile ile ya wamama, haiongeze kitu. Ndiyo sababu sheria za 2002 na 2011, juu ya kopeki na mikrofinansi, zilifungua mlango wa mtaji kutoka inje. Lakini katika mikopo ya kikundi mama akikosa kulipa, wenzake wanalipa. Na tumeona wamama wanaobeba likilimba ili kutuliza deni la mkopo. Hapo nani anamsaidia nani?

Sheria ya 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa ya bwana. Kifungu 448 sasa kinataka mume na mke waelewane. Bwana anayetaka kujifunga kwa deni, naye anapashwa kuuliza nyumbani. Hilo, wengi katika sisi wanaume hatujalisoma bado.