Elgar na safari isiyofika Antiokia

Mwalimu mmoja wa Worcester, Uingereza, aliwahi kuwaambia wanafunzi wake kwamba mitume walikuwa vijana, tena maskini, na huenda hawakuwazidi akili wao waliokuwa wakimsikiliza. Miongoni mwa watoto hao alikuwemo Edward Elgar, mwana wa fundi piano mwenye duka la vifaa vya muziki. Maneno hayo yalimkaa moyoni. Mwaka 1903, akiwa na umri wa miaka 46, aliyatungia muziki wa muda wa saa mbili.

Utungo huo, The Apostles, ni oratorio: masimulizi matakatifu yanayobebwa na kwaya, waimbaji pekee na okestra, bila maigizo wala mavazi ya jukwaani. Uliimbwa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Oktoba katika tamasha la Birmingham, tamasha lililokuwa likichangia hospitali ya mji huo na ambalo mwaka 1846 lilikuwa limeizindua Elijah ya Mendelssohn. Elgar aliongoza mwenyewe. Palepale, miaka mitatu nyuma, kazi yake ya awali, The Dream of Gerontius, ilikuwa imeharibika mikononi mwa kwaya isiyoandaliwa vya kutosha, baada ya mwalimu wa kwaya hiyo kufariki miezi michache kabla ya onyesho. Ni Wajerumani wa Düsseldorf walioiinua tena Gerontius. Mtu aliyejeruhiwa hivyo, kisha akarudi ukumbi uleule na kazi kubwa zaidi, anastahili heshima.

Maneno aliyapanga mwenyewe kutoka katika Biblia, akichota mstari huku na mstari kule, huku akishauriana na makasisi wawili wa Kianglikana, ingawa yeye alikuwa Mkatoliki. Sehemu inayonigusa kuliko zote ni ya Yuda Iskariote. Elgar alifuata fikra za askofu mkuu Richard Whately: kwamba Yuda hakutaka Bwana wake auawe, bali alitaka kumbana ili aonyeshe uwezo wake hadharani na kuusimamisha ufalme. Mpango ulipomgeukia, alirudi hekaluni na fedha. Wakati Yuda akilia peke yake, kwaya iliyomo ndani inaimba zaburi, ibada ikiendelea kama kawaida. Simjui mtunzi mwingine aliyemtazama msaliti kwa huruma kiasi hiki bila kumsafisha dhambi yake.

Nia ya kwanza ilikuwa kufika mbali, hadi Antiokia, waumini walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Lakini kazi ilivimba, muda ukamwishia, na Elgar akalazimika kuigawa. Sehemu ya pili, The Kingdom, ilisikika Birmingham tarehe 3 Oktoba 1906. Hapa ndipo Kanisa lenyewe linapozaliwa: Mathiya anachaguliwa kwa kura, Roho anashuka siku ya Pentekoste, Petro anahubiri, kiwete anasimama penye mlango uitwao Mzuri, Petro na Yohana wanakamatwa. Usiku unapoingia, Maria anaimba peke yake, akifuatana na fidla moja, kwa sauti zilizotokana na nyimbo za kale za Kiyahudi. Anajua mateso yatawafuata wafuasi wa mwanawe, na anayapokea. Kiongozi wa okestra Adrian Boult, aliyeirekodi kazi hii miaka ya 1960, aliiona bora kuliko Gerontius. Nakubaliana naye, na wimbo huo wa Maria unatosha kuwa hoja yangu. Inasikitisha kwamba kwaya nyingi huijua Gerontius na kuiacha hii rafuni.

Utungo unakwisha kwa kuumega mkate na kwa Sala ya Bwana, Antiokia ikiwa bado mbali. Sehemu ya tatu, iliyokusudiwa kuitwa The Last Judgement, haikumalizwa kamwe. Elgar alikuwa amechoka, na afya yake haikuwa nzuri. Mwaka 1908 alitoa simfoni yake ya kwanza, na oratorio hakuzirudia. Alipofariki tarehe 23 Februari 1934, aliacha vipande tu vya sehemu hiyo. Baadhi ya vipande hivyo alikuwa amevihamishia katika simfoni yake ya tatu, ambayo nayo hakuimaliza. Mtunzi Anthony Payne ndiye aliyeikamilisha, ikapigwa London mwaka 1998, na hivyo muziki uliokusudiwa kwa siku ya hukumu ukasikika bila kwaya.