Sifa Ishirini: Somo la Tauhidi kutoka Tlemcen

Muhammad bin Yusuf as-Sanusi, mwanachuoni wa Tlemcen katika Algeria ya leo, alifariki mwaka 1490 akiwa ameacha kijitabu cha itikadi kiitwacho Ummul Barahin. Ndani yake alipanga sifa 20 zilizo wajibu kwa Mwenyezi Mungu, kuanzia kuwapo, kutokuwa na mwanzo na kutokuwa na mwisho, na kila moja akaiwekea kinyume chake kisichowezekana. Kukariri hakukumtosha: alitaka muumini ajue dalili ya anachokiamini, japo kwa ufupi. Sharti hilo lilikuwa zito, na si wanavyuoni wote waliolikubali.

Ustadi wake mkubwa umo mwishoni. Hapo anaonyesha kuwa itikadi yote imo ndani ya shahada, kisha anahimiza itajwe kwa wingi huku maana yake ikihudhuria moyoni. Hoja za akili zinageuka dhikri.

Mwaka 1258 Hijria, takriban 1842, Ahmad al-Marzuqi wa Makka alizitia sifa hizo katika beti nyepesi, Aqidatul Awam, ambazo watoto wa madrasa nyingi za Kishafii huzihifadhi kwa kuzighani.