Kumiliki Gari na Kupanda Gari Katika Kisiwa cha Unguja

Neno gari lilifika Unguja kabla ya motakaa. Asili yake ni Bara Hindi, na lilitumika kwa chombo chochote chenye magurudumu: gari la ng'ombe, gari la farasi, na gari la hamali livutwalo na watu. Mwaka 1905 likaja gari la moshi, lililojengwa na kampuni ya Wamarekani, likenda maili 7 kutoka mjini hata Bububu, nalo likafa katika miaka ya 1920. Motakaa ikarithi jina la wote hao.

Katika Kiswahili, asemaye "ana gari" hakusema kuwa amelinunua. Huenda ni lake, huenda ni la ndugu yake, huenda ni la ofisi, naye analo kwa siku hiyo tu. Mtaalamu atakaye kuandika habari za magari ya Unguja kwa kuhesabu wenye mali peke yao atapotea, kwani watu wa kisiwa hiki walipanda gari miaka mingi kabla ya kumiliki.

Zamani za Waingereza wenye motakaa walikuwa jamaa wa Sultani, maofisa, wafanya biashara na baadhi ya wenye mashamba ya karafuu. Hata hao, nyumba na gari hazikukaa pamoja. Vichochoro vya Mji Mkongwe vilifanywa kwa miguu na punda. Tajiri huliacha gari Malindi, au Shangani, au kando ya barabara ya Darajani, kisha akenda kwa miguu kama jirani yake asiye nalo. Mgeni akitafuta utajiri mlangoni hauoni.

Mtu wa shamba, yaani wa nje ya mji, alipata njia nyingine. Lori lilijengewa bodi la mbao, likatiwa mabao ya kukalia na paa la kuchukulia mizigo, likaitwa gari la shamba. Mwenye muhogo wa Makunduchi na mwenye samaki wa Nungwi walifika Darajani kwa nauli, pamoja na mgonjwa apelekwaye hospitali na bibi arusi na vyombo vyake. Chombo hiki hakikuwa cha fahari, lakini kwa nyumba nyingi ndicho kilichokuwa gari lao.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 biashara ya nje ilishikwa na serikali, na mtu wa kawaida hakuweza kuagiza gari kwa wepesi. Gari likafuata cheo: namba za SMZ zilionyesha anayelipanda kwa kazi yake, si kwa fedha zake. Mambo yaligeuka biashara ilipofunguliwa mwaka 1984, zama za Ali Hassan Mwinyi. Magari yaliyokwisha tumika Japani, yenye usukani upande wa kulia kama desturi ya Unguja, yakaingia bandarini, na mwalimu au mwenye duka dogo akaweza kutamani lake. Pikapu zilizoezekwa paa zikawa daladala.

Hapo ndipo umiliki ulipopata taabu mpya. Kwa miaka mingi gari lililolipiwa ushuru Unguja, likivushwa Dar es Salaam, lilidaiwa tofauti ya ushuru, na mwenye gari akaona kuwa mali yake ni kamili upande mmoja tu wa bahari.