Ujuzi Hauzeeki: Haki na Njia za Fundi Mwenye Umri Mkubwa Kupata Kazi Tarime na Serengeti

Katika Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, mafundi wengi wa uashi, useremala, uchomeleaji na ufundi wa magari walijifunza kazi kwa kumsaidia fundi mkuu, si darasani. Kwa miaka mingi dhamana ya fundi wa aina hiyo ilikuwa nyumba alizozijenga na jina lake kijijini. Hali hiyo inabadilika. Mgodi wa Dhahabu wa North Mara uliopo Nyamongo, ulioanza uzalishaji mwaka 2002, hoteli na kambi za watalii zinazopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, pamoja na makandarasi wa majengo na barabara, huuliza cheti kwanza, na baadhi ya matangazo yao ya kazi huandikwa kwa Kiingereza. Fundi aliyevuka miaka 50 na asiyeifahamu lugha hiyo hujiona amekataliwa kabla hajaonesha kazi ya mikono yake.

Makala haya yanaeleza namna ambavyo fundi huyo anaweza kutambuliwa rasmi, haki zake kisheria na fursa zilizopo karibu naye.

Cheti kwa ujuzi uliopatikana kazini

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 1994, inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Katika utaratibu huu fundi harudishwi kuanza mafunzo upya. Hupimwa kwa maswali na kwa vitendo katika fani yake, hubainishiwa maeneo yenye upungufu, hupewa mafunzo ya muda mfupi ya kuziba mapengo hayo, kisha hufanyiwa tathmini ya mwisho. Anayefaulu hutunukiwa cheti.

Kwa wakazi wa Mara, pa kuanzia ni chuo cha VETA kilichopo Musoma. Wakazi wa Tarime wanaweza pia kuulizia mafunzo ya muda mfupi katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Tarime. Mwombaji anashauriwa kukusanya mapema ushahidi wa kazi zake: picha za majengo au samani alizotengeneza, barua za wateja, na uthibitisho wa Ofisi ya Mtendaji wa Kijiji au Kata. Mafundi umeme wazingatie kwamba, pamoja na cheti, kazi ya kufunga mifumo ya umeme huhitaji leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA).

Umri na lugha mbele ya sheria

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi katika ajira, na umri umetajwa miongoni mwa misingi ya ubaguzi uliokatazwa. Mwajiri hawezi kumkataa fundi kwa sababu tu ya mvi zake. Hata hivyo, sheria inaruhusu kuzingatia sifa ambazo kazi yenyewe inazihitaji. Mhudumu wa mapokezi katika hoteli ya watalii anaweza kutakiwa kuzungumza Kiingereza kwa kuwa ndiyo kazi yake. Mwashi anayejenga nyumba za watumishi wa hoteli hiyohiyo anahitaji zaidi kujua timazi, pima maji na uwiano wa saruji na mchanga.

Kuhusu mkataba, kifungu cha 15 cha Sheria hiyo kinamtaka mwajiri kumpatia mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, yakiwemo aina ya kazi, mahali, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, saa za kazi na ujira. Iwapo mfanyakazi haelewi maelezo hayo, mwajiri anao wajibu wa kuhakikisha yanafafanuliwa kwa lugha na namna ambayo mfanyakazi anaielewa. Kwa hiyo fundi anayepewa mkataba wa Kiingereza asione haya kuomba ufafanuzi kwa Kiswahili kabla ya kutia saini au dole gumba. Aidha, likitokea shauri na mwajiri akashindwa kuwasilisha mkataba au maelezo hayo ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa humwangukia mwajiri.

Masharti hayo hayamhusu anayefanya kazi kwa mwajiri mmoja chini ya siku 6 kwa mwezi. Fundi wa vibarua vya siku chache, au anayekubaliana na mteja bei ya kazi nzima, ajilinde kwa hati fupi ya Kiswahili inayotaja kazi, bei, awamu za malipo na majina ya mashahidi.

Fursa zilizopo karibu

Miradi mingi ya shule na zahanati hutekelezwa kwa utaratibu wa kutumia mafundi wa ndani, chini ya usimamizi wa kamati za eneo husika. Utaratibu huo ulitumika sana wakati Serikali ilipojenga madarasa 15,000 kupitia Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19, uliozinduliwa mwaka 2021. Fundi afuatilie mbao za matangazo za kijiji, kata na halmashauri.

Sheria ya Ununuzi wa Umma nayo inataka asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma itengwe kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Mafundi wa umri huo wanaotaka kuunda kikundi waanzie kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri, ili waelekezwe kuhusu usajili na matumizi ya mfumo wa ununuzi wa kielektroniki, NeST. Ifahamike kwamba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ina mgawanyo tofauti: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wazee hawana fungu lao humo.

Kwa upande wa mgodi, Kanuni za Madini kuhusu Ushirikishwaji wa Watanzania za mwaka 2018 zinawataka wamiliki wa leseni kutoa kipaumbele kwa Watanzania katika ajira, bidhaa na huduma.

Mgogoro unapotokea

Malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30, na migogoro mingine ya kazi ndani ya siku 60. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama na vyombo vya utoaji haki nchini. Fundi anaweza kueleza shauri lake kwa lugha anayoifahamu, lakini azingatie muda: anayechelewa bila sababu ya msingi huweza kupoteza haki ya kusikilizwa.