Kipandauso na Kazi ya Mkono: Maneno ya Maumivu ya Kichwa kutoka Pwani hata Nambis

Neno kipandauso limo katika kamusi za Kiswahili sanifu. Maana yake ni maumivu makali ya kichwa yashikayo upande wa mbele, juu ya macho, nayo ndiyo maradhi ambayo matabibu wa Ulaya huyaita kwa jina lililotoka katika Kiyunani. Hata hivyo neno hili halisikiki sana. Katika Kiswahili cha kila siku, na hasa katika Kiswahili cha zahanati, husikika zaidi maneno mapana: kichwa chauma, kichwa kinanisumbua, maumivu ya kichwa. Mgonjwa wa Nambis, katika nyanda za juu za Mbulu, asemaye na mganga wa zahanati kwa Kiswahili ambacho si lugha yake ya kwanza wala pengine si lugha ya kwanza ya mganga, hana budi kupita katika mlango huo mwembamba. Yafaa basi kutazama historia ya maneno haya, na ya dawa za nyumbani zilizofuatana nayo, ili ijulikane ni nini kinachopotea mlangoni.

I. Jina

Wayunani waliyaita maradhi haya kwa neno lenye maana ya nusu ya fuvu. Galen, tabibu wa karne ya 2, alilitumia; Kilatini kikalipokea, na Kifaransa kikalikata hata likawa migraine. Waarabu nao walisema shaqiqa, kutokana na shina lenye maana ya kupasua au kugawa mara mbili. Lugha hizo zimeyataja maradhi kwa mahali pake, yaani upande mmoja wa kichwa.

Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Kilikuwa na nafasi ya kulichukua neno la Kiarabu, maana katika mambo ya uganga kilichukua mengi: dawa, tiba, tabibu, maradhi, afya, homa. Lakini kwa maradhi haya kiliunda neno lake chenyewe kwa kanuni yake chenyewe. Kipandauso kimejengwa kama kifunguakinywa na kifunguamimba: kiambishi ki-, kisha kitenzi, kisha jina linalotendwa. Ni kitu kipandacho uso. Mwenye kuunda neno hakuhesabu nusu, alitazama mwendo. Maumivu huanza kidogo, aghalabu shingoni au nyuma ya jicho, kisha hupanda, kama vile homa inavyosemwa kuwa imepanda. Yeyote aliyepata kuugua maradhi haya atakiri kwamba mwendo huo umeelezwa vyema.

Pamoja na jina hilo viko vitenzi vya kueleza namna ya maumivu. Kichwa huuma, hugonga, huwanga, yaani huuma kwa kupigapiga, mishipa ya kipaji hupwita. Viko tena kichefuchefu na kizunguzungu. Wala haifai kuidharau sauti ya kitenzi kuwanga, kwa kuwa kina mwenzake wa sauti ile ile mwenye maana ya kuroga usiku. Maneno hayo ni mawili, lakini sikio la msikilizaji huyasikia kama moja, na si ajabu ikiwa kichwa kiwangacho kila mwezi humfikirisha mgonjwa habari za jirani yake.

II. Mkono

Kama majina ya uganga ni ya Kiarabu kwa sehemu kubwa, vitenzi vya uganga ni vya Kibantu karibu vyote. Mgonjwa wa kichwa hufungwa kitambaa, hukandwa kwa maji, huchuliwa shingo na mabega kwa mafuta, hufukizwa kwa mvuke wa majani, hubandikwa majani kipajini, huchanjwa, huumikwa. Vitenzi hivi saba ni duka zima la dawa, na havihitaji chombo ila mkono, kitambaa, chungu, wembe na pembe.

Kuumika kwastahili kutazamwa peke yake. Ni kule kuweka pembe juu ya ngozi iliyochanjwa na kuivuta pumzi ili damu itoke. Pembe hiyo huitwa chuku, tena huitwa ndumiko, na mwenye kazi hiyo ni mwumishi. Imezoewa kudhaniwa kwamba desturi hii ilikuja pwani pamoja na Uislamu. Dhana hiyo ina sababu. Katika hadithi zilizokusanywa na Bukhari imepokewa kwamba Mtume aliumikwa kichwani kwa ajili ya shaqiqa, na kwa hiyo tendo hilo lina heshima ya dini. Lakini lugha inashuhudia jambo jingine. Wachewa husema kulumika, Washona kurumika, Wazulu ukulumeka, na maana ni hiyo hiyo. Kiswahili kimeidondosha l ya kwanza, kama ilivyo desturi yake, nayo imebaki kama d baada ya n katika ndumiko. Neno lililoenea hivyo hata kusini mwa Afrika, mahali ambapo Uislamu wa pwani haukufika, haliwezi kuwa limetoka Arabuni. Fundisho jipya lilikuta kazi ya kale, likaipa cheo.

Tena, yaelekea kitenzi hicho kina udugu na kuuma. Kizulu kina luma, kung'ata, kando ya lumeka. Kiswahili kina uma kando ya umika. Pembe ni kitu kilichowekwa king'ate. Ikiwa ni hivyo, basi maumivu na dawa yake vimetajwa kwa shina moja: kichwa chauma, nacho huumikwa. Hata msemo wa kutia chuku, yaani kuyaongeza maneno kupita kweli yake, yaelekea umetoka hapo, kwa jinsi pembe inavyoivimbisha nyama.

Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Velten mwaka 1903 na ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kina habari za magonjwa na uganga wa pwani kabla dawa za viwandani hazijaenea. Aspirini yenyewe ilikuwa imeanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1899 tu. Kwa hiyo vitenzi vya mkono vilifika karne ya 20 vikiwa vizima, navyo vilichukuliwa bara na misafara, na askari, na makarani, na walimu.

III. Nambis

Nchi ya Mbulu na Hanang haina mfano katika Afrika ya Mashariki kwa mchanganyiko wa lugha. Wairaqw husema lugha ya Kikushi. Wadatoga, lugha ya Kiniloti. Wanyiramba na Wanyaturu walio jirani, lugha za Kibantu. Na Wahadzabe wa bonde la Eyasi, lugha yenye sauti za kidoko isiyo na jamaa ajulikanaye kwa yakini. Kiiraqw kilielezwa na W. H. Whiteley katika mwaka 1958, kikaandikiwa sarufi kubwa na Maarten Mous mwaka 1993, na kamusi ya Mous, Martha Qorro na Roland Kießling mwaka 2002. Katika lugha hiyo kichwa ni saga. Kwa mtu wa Nambis, uzi unaounganisha kuuma na kuumika hauonekani. Amevipokea vitenzi vya Kiswahili kimoja kimoja.

Lakini kupokea cha mgeni katika mambo ya uganga si jambo geni kwa Wairaqw. Mwanaanthropolojia Ole Bjørn Rekdal, katika makala yake ya mwaka 1999, alionyesha kwamba watu hao wamezoea kutafuta uponyaji kupita mpaka wa kabila lao, na kwamba umbali wa mganga huongeza sifa yake. Hata waganga wao wakuu wa ukoo wa Manda huhesabiwa kuwa asili yao ni Ihanzu, kwa watu wa Kibantu. Kwa watu wenye desturi hiyo, daktari wa Ulaya hakuwa mpinzani wa mganga; alikuwa mganga mmoja zaidi aliyetoka mbali zaidi. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilipofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norway, ilipata mlango uliokwisha kufunguliwa.

Pamoja na hayo iko dawa moja ambayo nchi hiyo haikuazima kwa mtu. Nyumba za kale za Wairaqw zilichimbwa ubavuni mwa kilima, sehemu yake ikiwa chini ya ardhi, zenye giza na ubaridi hata mchana. Zilijengwa hivyo kwa ajili ya ulinzi, wala hapana asemaye kwamba zilijengwa kwa ajili ya wagonjwa wa kichwa. Lakini mgonjwa wa kipandauso ahitaji nini? Giza, ubaridi, kimya na usingizi. Nyumba hizo zilikuwa nazo vyote vinne. Bati na dirisha vimeleta faida nyingi, na pamoja nazo mwanga na kelele ya mvua.

IV. Hesabu

Kati ya Desemba 2003 na Juni 2004, Andrea Winkler na wenzake walifanya uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika eneo la Haydom, wakiwahoji watu 7,412 kwa kufuata masharti ya Chama cha Kimataifa cha Maumivu ya Kichwa. Ilionekana kwamba watu wapatao 4 katika kila 100 walikuwa wamepatwa na maradhi haya ndani ya mwaka mmoja, na wanawake walikuwa karibu mara tatu ya wanaume. Dhana ya kwamba haya ni maradhi ya watu wa mjini na wa vitabu haikusimama.

Masharti yenyewe yafaa kutazamwa na mwanafunzi wa lugha. Maumivu yadumu saa 4 hata 72. Yawe ya upande mmoja. Yawe ya kupwita. Yazidi mtu aendapo. Yafuatane na kichefuchefu au na kuchukia mwanga na sauti. Hapana hata sharti moja lisilo na neno lake katika Kiswahili cha kale. Mganga aulizaye, "Kichwa chauma?" atajibiwa, "Ndiyo," na jibu hilo halimfundishi kitu, kwa maana malaria huuma, na njaa huuma. Lakini akiuliza, "Chawanga? Chapwita upande mmoja? Kilianzia wapi hata kikapanda? Mwanga wakuudhi?" amekwisha kufanya nusu ya kazi yake bila chombo chochote.

Si jambo dogo. Katika wilaya ya Mbulu minyoo ya tegu wa nguruwe, iingiapo ubongoni, imethibitishwa kuwa moja katika visababishi vya kifafa, nayo huweza kuleta maumivu ya kichwa. Kichwa kinachouma ghafla kwa nguvu isiyopata kuonekana, au pamoja na homa na shingo kukakamaa, au pamoja na degedege, au pamoja na kupooza upande, si kipandauso, wala hakingojwi nyumbani. Maneno mapana huyaficha yote hayo chini ya blanketi moja.

Upande wa pili iko hatari ya vidonge. Mtu atumiaye dawa za kawaida za kutuliza maumivu kwa siku 15 au zaidi katika mwezi, kwa muda upitao miezi mitatu, huweza kupata maumivu ya kichwa yaletwayo na dawa zenyewe. Kitambaa na giza havina hatari hiyo.

V. Kilicho bora na kilicho cha kuachwa

Dawa za mkono hazilingani. Kulala gizani, kitambaa cha maji baridi kipajini, kuchuliwa shingo na kunywa maji havina madhara, na wagonjwa wengi hupata nafuu kwavyo. Tangawizi ilijaribiwa kwa wagonjwa 100 nchini Iran, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha kwamba unga wake ulikaribia kuwa sawa na dawa ya kiwandani baada ya saa mbili. Jaribio moja halimalizi neno, lakini halifai kupuuzwa. Chai na kahawa humsaidia mmoja na kumchokoza mwingine. Kuchanja na kuumika ni mbali. Wembe uliotumiwa kwa wawili waweza kupitisha ukimwi na homa ya ini, na kidonda kichafu chaweza kuleta pepopunda. Ukale wa neno si kinga ya ngozi.

Tangu mwaka 2002 Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na dawa za miti zimepata watafiti wake. Mti hukusanywa, hukaushwa, hupewa jina la Kilatini, huwekwa kabatini. Vitenzi havikupata kabati. Mwumishi akifa bila mwanafunzi, hufa pamoja naye neno mwumishi. Na kuumika kukiachwa, kama inavyofaa kuachwa, litabaki neno la kamusi tu. Hilo si la kulilia. La kulilia ni kwamba kuwanga, kupwita na kipandauso vinaelekea huko huko, hali maradhi yenyewe hayajaondoka. Kazi ya watunga kamusi ni kuviandika vitenzi hivi pamoja na matumizi yake, na kuvitia katika vitabu vya kufundishia waganga na wauguzi. Na kando ya kila kimoja liandikwe neno la Kiiraqw na la Kidatoga lililo sawa nacho, lililokusanywa kwa wagonjwa wenyewe. Hapo mama wa Nambis atakapoinama mlangoni mwa zahanati akiwa ameshika jicho moja, ataulizwa swali ambalo jibu lake analo.